Mzinga Tuliopikia Chai

Nyie vijana mnaonigongea geti hapa Msalato kabla sijanywa chai, simu mkononi, mnanionyesha video ya Mzungu anapasua gogo huku anatabasamu, leo nawaandikia ili nisirudie tena kwa mdomo. Yule Mzungu hana upepo wa Dodoma. Gogo lake limelala kwenye nyasi za kijani, halina msumari, halina waya wa kuanikia nguo, halina bango la mganga wa kienyeji. La kwako limetoka uani kwa mtu ambaye kwa miaka thelathini kila alichokosa pa kukitundika alikipigilia kwenye mti. Halafu mnaniuliza, "Mzee Swalehe, ninunue chenso ya aina gani?" Mnanunua chenso, msumeno wa injini, kwa rangi, kama mtu anayechagua kanga.

Mimi niliacha shule darasa la tano, Kondoa kule milimani kwetu Warangi. Mwalimu aliniambia nitachunga mbuzi mpaka nizeeke. Sasa nina nyumba mbili na Fuso, na meza nilizopasua mbao zake kwa mikono hii zimekaliwa na wakubwa ambao mwalimu yule angewasalimia kwa kusimama wima. Sijawahi kuwa na kiwanda. Nilikuwa na chenso, fremu ya chuma niliyochomelea mwenyewe, na akili. Nyie mna chenso tu.

Mbao zenu nimeziona. Pana, nzito, magome yameachwa pembeni kwa urembo, safi kabisa siku ya kwanza. Baada ya wiki mbili zimejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Mnazianika juani! Mbao mbichi, mwezi wa saba, upepo huu unaokausha hadi mate mdomoni, nyie mnaziegemeza ukutani zitazame jua. Ubao mzito unawekwa kivulini, unalazwa, unatenganishwa na wenzake kwa vijiti vya unene mmoja, na miisho yake inapakwa rangi siku ileile ili maji yasitokee huko kwa haraka. Halafu unasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo mnaponishinda kwa ujinga. Mnamuuzia mteja ubao wenye miezi miwili, mnamjazia nyufa kwa gundi ya kioo yenye rangi ya bluu, mnamwambia ni mto unapita katikati ya meza. Mto! Dodoma hii, ambako mito yenyewe ni mchanga.

Na mimi nilianza hivyohivyo, sikatai. Mbao zangu za kwanza, za mjohoro, nilizianika juu ya bati la banda. Mzee Ramadhani, aliyenifundisha kazi, alikuja, akazitazama, akaniuliza, "Swalehe, unaanika mbao au dagaa?" Jioni zilikuwa zinalia, paa, paa, kama bisi.

Mzee Ramadhani alikuwa mtu wa mjini, babu zake walifika na misafara ya biashara wakabaki. Kofia haikumtoka kichwani hata akiwa amejaa vumbi. Alipasua mbao tangu enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya kichanja, mmoja chini, na wa chini ndiye anayekula unga wote. Mimi nilikuwa wa chini. Nilijifunza kufunga mdomo, jambo ambalo mke wangu anasema nimelisahau. Mzee Ramadhani ndiye aliyenionyesha uzi: unauchovya kwenye unga mweusi wa betri iliyokufa, unauvuta kutoka mwisho hadi mwisho wa gogo, unaubana, unaunyanyua katikati, unauachia. Tap! Mstari umenyooka kuliko wowote mtakaoupata kwenye simu zenu. Chenso ilipoingia aliitazama siku tatu bila kuigusa. Ya nne aliniambia, "Cheni hii imenolewa kwa kukata mti kwa upana, na wewe unataka kuupasua kwa urefu. Inole meno yawe karibu nyoofu." Hakuwa amewahi kuiwasha. Nilichukua tupa, nikafanya alivyosema, na unga ukaanza kutoka kama nyuzi ndefu badala ya sembe. Ukiona sembe, zima mashine, unole. Nyie mnaona sembe, mnakandamiza kwa nguvu, halafu mnasema mashine mbovu.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Hakuanza kazi kabla hajazunguka majirani kuuliza: mti huu nani amewahi kuufunga kitu, nani ameupigilia, nani ameukwea? Asubuhi nzima inapotea kwa salamu. Niliona ni mzee anatafuta kahawa ya bure. Alipofariki nikaichukua kazi, tabia hiyo nikaiacha.

Hapo ndipo inapoingia Kibakwe.

Kijiji chenyewe kiko vilimani, wilaya ya Mpwapwa, unapanda mpaka masikio yanaziba. Korongo linakigawa: shule upande huu, kaya nyingi upande wa pili. Kiangazi unashuka, unapanda, umefika. Mvua ikinyesha juu kule, maji yanashuka bila hodi. Msimu uliotangulia mtoto wa darasa la pili alisombwa, wakamdaka mbele kwenye mizizi, mkono umevunjika. Wazazi wa ng'ambo wakawafungia watoto nyumbani hadi mvua zilipokatika.

Mwaka ule upepo uliangusha mkongo mkubwa bondeni, mti mgumu usioliwa na mchwa. Kijiji kikaomba kibali, afisa misitu akaja akaugonga nyundo ya muhuri, ukawa halali kwa kazi moja tu: mbao ndefu za kuvukia korongo. Mti mwingine wa urefu ule haukuwepo karibu, na hata ungekuwepo, kibali kilikuwa cha huo. Wakanitafuta mimi. Wangemtafuta nani?

Mwenyekiti wa kijiji, Mama Pendo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, alinipeleka mpaka kwenye gogo. Nililizunguka mara moja, nikalipiga kofi. "Mama, nipe siku mbili. Ya tatu mnavuka."

"Fundi, mawingu umeyaona?"

"Nimeyaona. Na yenyewe yameniona."

Nilikuwa na Kalebi, shemeji yangu, mtu wa maneno machache na mgongo mpana. Tukashusha mitambo, tukatafuta kuni za chai. Chini ya tawi lililovunjika kulikuwa na mzinga wa kienyeji, ule wa kipande cha gogo kilichotobolewa, umepasuka kwa kuanguka. Nyuki hakuna.

"Shemeji, huu si wa mtu?" Kalebi akauliza.

"Ulikuwa wa nyuki, na wenyewe wamehama. Weka motoni."

Chai ile sijapata kunywa nyingine kama hiyo. Moshi ulinukia nta. Tulikuwa kikombe cha pili alipotokea mzee mwembamba, koti la suti juu, kaptula chini, panga kwapani.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo.

"Shikamoo mzee. Karibu chai."

Akapokea kikombe, akanusa, akanywa. "Tamu. Mmetia asali?"

"Hapana mzee. Ni kuni zenu za huku."

Akachutama, akavuta kijinga kimoja kutoka motoni, akakigeuza. Kilikuwa kifuniko cha mviringo, nusu kimeliwa na moto. "Huu mzinga wangu," akasema. "Baba aliuchonga kabla sijaoa."

Sasa mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikacheka. "Mzee, mti umelala, nyuki wamehama. Ulitaka kupangisha?"

Kalebi alitazama pembeni. Mzee akaweka kikombe chini taratibu, kimebaki nusu. "Haya, Mrangi. Pasua." Akaondoka.

Nikapasua. Ganda la juu lilitoka vizuri, mkongo ule ndani mwekundu kama nyama. Nikaanza ubao wa kwanza. Nilipofika kama urefu wa mkono, nikasikia mlio ambao mpasuaji anausikia kwenye meno kabla ya masikio. Kraa! Cheni ikakatika, ikapita karibu na goti langu, ikaenda kujizungusha kwenye kichaka. Ndani ya mti, chuma. Nimefunga cheni ya pili, nimesogea vidole vinne chini, nimeanza upya. Hatua tatu mbele, kraa nyingine.

Najua mtasema kuna kifaa cha kupimia chuma ndani ya gogo. Kipo. Mnacho? Hamna. Basi nyamazeni niendelee.

Ubao wa kwanza ukawa vipande vya kutengenezea vigoda. Nilibakiwa na cheni moja, na gogo ambalo kama ningelikosea mara nyingine lisingetoa hata ubao mmoja wa kufika ng'ambo. Siku ya tatu Mama Pendo akaja, mikono kiunoni.

"Fundi, si ulisema leo tunavuka?"

"Mama, mti wenu una vyuma."

"Ndiyo. Ngazi za baba yake Mzee Ndahani, za kukwea kwenda kwenye mizinga. Mti ulizimeza siku nyingi." Akanitazama. "Kwani hukumuuliza? Si alikuja hapa akanywa chai?"

Nyuma yake, kule juu, ngurumo ilipita.

Kule mtu akishatundika mzinga, mti una mwenyewe, hata kama shamba ni la mwingine na kibali kina mihuri kumi. Yeye ndiye anayejua kilichomo. Mtoto wa Kibakwe anayejifunza kutembea analijua hilo. Mimi fundi wa meza za wakubwa nilikuwa nimelichoma nikachemshia maji.

Nikaenda kwake. Mzee Ndahani alinikalisha kwenye kigoda nje, juani, akaendelea kukoboa mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi. Na mzinga nitakulipa."

"Nimekutajia bei?"

"Hapana."

"Basi. Nataka mzinga."

Nikaona ni kazi ndogo. Nilirudi, nikachukua tawi nene la mkongo uleule, nikawasha chenso ndogo ya akiba, nikalikata, nikalitoboa pande mbili. Maji ya ugali yalikuwa hayajachemka, mzinga uko tayari. Nikaubeba begani mpaka kwake, najiona. Akaingiza pua yake yote ndani.

"Unanuka pikipiki," akasema. "Nyuki wangu hawabebi abiria."

Kalebi, ambaye tangu chai ile alikuwa hajatoa sauti, alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee akaingia ndani, akatoka na tezo. Tezo, kwa nyie mliozaliwa na umeme, ni shoka dogo lililogeuzwa kama jembe. "Kwa hili," akasema.

"Mzee, mvua inakuja. Watoto..."

"Watoto ni wajukuu zangu. Mvua naijua mimi. Chonga."

Nilichonga siku mbili. Hapa niwaambie jambo ambalo nililificha hata nyumbani. Chenso inatetemesha mikono, na ukifanya miaka mingi bila kupumzika, vidole vinakufa. Vyangu vitatu vya kushoto asubuhi vilikuwa vyeupe kama chokaa na sikuhisi hata moto. Nilikuwa naficha mkono mfukoni nikiongea na wateja. Tezo iliniponyoka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee akaacha mahindi yake, akaja, akanishika kiganja, akakibinya.

"Hii mikono imeondoka lini?"

Nilitaka kuurudisha mkono mfukoni, hakuuachia.

"Usikabe kwa vidole. Vuta kwa kiwiko. Uzito wa chuma ufanye kazi." Akakaa upande wa pili wa gogo, akalishikilia lisitikisike. Tulifanya kazi hivyo, yeye na mimi, bila hadithi. Mara moja tu alisema, "Mrangi, wewe una maneno mengi kwa mtu mwenye tezo butu," akainuka kwenda kuinoa. Mwishoni alipaka nta ndani, akanusa, akakohoa. Kwake huo ulikuwa ndio mhuri.

Kesho yake alfajiri alikuwa ananingoja kwenye gogo. Nilidhani atanionyesha kwa kidole. Akavua koti, akavua kandambili, akapanda akalala kifudifudi juu ya gogo kama mjusi, akalikumbatia.

"Baba alikuwa mfupi," akasema, shavu kwenye mti. "Na mguu wa kushoto aliumizwa na ng'ombe. Kwa hiyo ngazi zake haziko sawa. Kulia hatua kubwa, kushoto ndogo." Akafumba macho. Akaanza kukwea. Mti umelala chini, na mzee wa miaka sabini na zaidi anaukwea kwa tumbo, mguu wa kulia unatafuta, unatua. Wa kushoto unavutwa kidogo, unatua. Alikuwa amepanda njia ile tangu ana meno ya maziwa. Kila unyayo ulipotua, anasema, "Hapa." Na mimi nyuma yake napiga alama ya mkaa. "Hapa. Hapa." Saba. Vile vyuma vilikuwa mikia ya majembe ya zamani, ile ncha inayochomekwa kwenye mpini. Jembe likichakaa, baba yake alitoa mkia akaupigilia mtini. Nilipima mbili kati ya alama hizo na makovu ya cheni zangu. Zilikuwa zimekaa palepale. Hakukosea hata upana wa kidole.

Hakuna aliyekuwa akicheka wakati ule. Mimi chozi halinitoki kirahisi, lakini nilijifanya naangalia tupa.

Vyuma vyote vilikuwa upande mmoja, ule wa mawio, kwa sababu mrina asali hukwea jioni, na hakwei jua likimchoma mgongoni. Ilimaanisha nusu ya pili ya gogo ni safi. Tukaita wanaume kumi na mitaimbo, tukaligeuza nusu mzunguko. Nikapiga uzi. Nikanoa cheni yangu ya mwisho jino moja moja, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishikilia tu. Nikamwambia Kalebi, "Leo hatuna haraka," naye akanitazama kama anayemwona mgeni.

Ubao wa kwanza ulitoka mzima, unene wa kiganja, mrefu kuvuka korongo na kubakiza hatua moja kila upande. Wa pili ulipofika katikati, tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye mashine, likachemka. Sikusimama. Nilitaka watatu; nikapata wawili, kwa sababu wa tatu ungegonga mkia wa jembe la saba, na mimi mkia huo nilikuwa nimeuheshimu tayari. Vijana wa bodaboda walinung'unika kwamba pikipiki hazitapita kwa raha. Niliwaambia wazibebe mabegani, zimewabeba wao siku nyingi.

Mbao zilibebwa na watu ishirini kwenye utelezi, Mama Pendo mbele akipiga kelele kuliko ngurumo. Tukazilaza pamoja, tukazifunga, tukashindilia mawe miishoni. Wakati huo korongo bado kavu.

Asubuhi yake maji yalikuwa yamefika. Mekundu, yanabeba matawi, yanaongea. Ng'ambo walisimama watoto kama arobaini, sare zimepigwa pasi, viatu mkononi, na mama zao nyuma wamewashika mabega. Hakuna aliyewaachia. Yule aliyevunjika mkono alikuwa mbele kabisa, na mama yake alikuwa ameshika kola yake kama mtu aliyekamata mwizi.

"Fundi," Mama Pendo akasema, "wanataka wakuone wewe kwanza."

Nyie mnaotamani kuwa kama mimi mfahamu hili: nimepasua mbao robo ya maisha yangu, na sikuwahi kusimama juu ya ubao wangu nikiwa na maji yanayonguruma chini. Tumbo hili la mafanikio lilinilemea. Nikaweka mguu mmoja. Nikaurudisha.

"Mrangi," sauti ya Mzee Ndahani nyuma yangu, karibu na sikio, "utapita au nikuletee tezo?"

"Babu, usitazame chini!" mtoto mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo. Babu! Mimi! Mstari mzima ukacheka, na mama zao wakacheka, na katika kucheka kule mikono ikalegea mabegani.

Nikapita. Hatua kumi na moja. Ubao haukulia, haukupinda, haukutikisika. Nilipofika ng'ambo yule wa mkono uliovunjika alinipita pembeni bila hata shikamoo, akakimbilia shule, na wenzake nyuma yake, viatu mkononi.

Kazi kubwa baada ya hapo sikufanya tena, mikono ilikataa. Chenso zangu ziko stoo, na mnaokuja kuziulizia kwa bei ya chuma chakavu, rudini mlikotoka. Meza zenu nimeziona mtandaoni, zenye mto wa bluu, zimewekewa kikombe cha kahawa zipigwe picha. Hongereni. Mimi nina swali moja tu, na ukija getini kwangu uwe na jibu lake kabla hujabisha: ubao wako umemvusha nani?